Lipeni Upimaji Kabla ya Kununua Feni

Barua ya wazi kwa wamiliki wa kampuni za kukodisha kwadi Nungwi, Kendwa na Paje

YAH: FENI ZA REJETA ZISIZOZUNGUKA

Ndugu wamiliki,



Kwadi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, ikichemsha kwenye njia za mawe nyuma ya Kendwa, simu humfikia fundi kabla mvuke haujatulia, na swali la kwanza kutoka ofisini huwa lile lile: "Inataka spea gani?" Fundi anafika, anaikuta injini inatokota na feni ya rejeta imekaa kimya. Anajibu alichoulizwa: inataka feni. Pesa inatolewa, feni inatafutwa mjini, ikikosekana inaagizwa Kariakoo, na kwadi inalala chini ya mwembe huku wageni wakiambiwa wasubiri zamu. Feni mpya inafika, inafungwa, injini inawashwa mpaka ipate moto. Feni mpya nayo inakaa kimya.

Hapo lawama zote humwangukia fundi: ama hajui kazi, ama kauziwa feni mbovu, ama kala cha juu. Huenda hakuna hata moja lililo kweli. Feni ni kifaa cha mwisho kwenye msururu mrefu: betri, fyuzi, swichi ya ufunguo, relei, swichi ya joto au sensa, soketi, waya wa kurudi kwenye chasisi, kisha mota yenyewe. Kikatike kimoja kati ya hivyo, feni haizunguki. Anayetakiwa kutaja spea kabla hajapewa muda wa kupima analazimishwa kubahatisha, na mlipaji wa kubahatisha huko ni ninyi.

Ombi la barua hii ni moja: fundi alipwe kwa kupima kabla hajalipwa kwa kubadilisha. Yanayofuata ni sababu zake, pamoja na maelezo ya kazi yenyewe ili mwenye mali ajue anacholipia.

Mashine hizi hazikubuniwa kwa ajili ya joto la pwani wala kwa misafara ya polepole. Honda ilipotoa pikipiki yake ya magurudumu matatu mwaka 1970, ilikuwa ikijibu ombi la wauzaji wa Marekani waliotaka bidhaa ya kuuza majira ya baridi, wakati pikipiki za kawaida hazina wateja. Injini yake ndogo ilipozwa na upepo tu. Suzuki ikaleta ya magurudumu manne mwanzoni mwa miaka ya 1980, injini zikaendelea kukua, na rejeta na maji vikaingia. Hata wakati huo si kila mtengenezaji aliyeona haja ya feni. Yamaha Banshee, mashine ya mbio iliyoingia sokoni mwaka 1987, ilitoka kiwandani na rejeta isiyo na feni, kwa kuwa walioiunda walitegemea mpandaji awe mbioni muda wote.

Wageni wenu hawakimbii. Wanafuatana mmoja nyuma ya mwenzake katika vumbi la aliyetangulia, wanapita katikati ya vijiji kwa mwendo wa mtu anayetembea, wanasimama kwenye mashamba ya viungo, wanapiga picha injini ikiwa inanguruma. Takriban theluthi ya nishati ya petroli inayoungua ndani ya injini ya namna hii haifiki kwenye magurudumu wala haitoki kwenye ekzosi. Inabaki kuwa joto linalopaswa kubebwa na maji na kutolewa na rejeta. Kwadi inayokimbia inapata upepo wa bure. Iliyosimama haina upepo mwingine isipokuwa ule wa feni. Mkulima wa Ulaya anayeendesha kwadi yake shambani asubuhi yenye baridi anaweza kukaa muda mrefu bila kujua kwamba feni yake imekufa. Paje, mwezi wa Januari, mtajua kabla ya saa moja kwisha.

Na gharama ya kutojua ni kubwa. Silinda hedi za injini hizi ni za aluminiamu, ambayo ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Boliti zinazozishikilia ni za chuma. Joto likipita kiasi hedi inapinda, gasketi inaachia, maji yanaingia kwenye oili, na kilichoanza kama fyuzi iliyoungua kinaishia kwenye kufungua injini nzima.

Kabla fundi hajagusa waya wowote, kuna swali ambalo wengi hulipita haraka: je, kwa wakati ule feni ilipaswa kuzunguka? Kwadi nyingi ndogo zilizopo kwenye fukwe zetu zina injini za kupozwa na upepo, na baadhi zina feni ya kupoza oili peke yake, inayofuata masharti yake. Katika zile zenye rejeta, feni haiingii mpaka maji yafike joto fulani, na ikishayapoza nyuzi kadhaa inajizima yenyewe. Mtu akiwasha injini asubuhi, akasubiri dakika mbili na kutangaza kwamba feni ni mbovu, hajapima kitu.

Kuna pia kwadi ambazo injini inachemsha kweli, feni haizunguki kweli, na feni haina kosa lolote. Swichi ya joto ya modeli nyingi imefungwa kwenye rejeta. Themostati ikikwama ikiwa imefungwa, maji ya moto yanabaki ndani ya injini na hayafiki kwenye rejeta. Injini inatokota, rejeta ni baridi, na swichi iliyokaa kwenye rejeta haijui kama kuna tatizo. Dalili yake inapatikana kwa kiganja: ukikaribisha mkono kwenye injini na kwenye rejeta, tofauti ya joto ni kubwa mno. Hali kama hiyo hutokea maji yakipungua au hewa ikinaswa ndani ya mfumo baada ya rejeta kujazwa haraka haraka. Ncha ya sensa ikiwa ndani ya hewa au mvuke badala ya maji haisomi joto sawasawa, na feni haipati amri. Dawa ya hali hiyo ni kulanti iliyojazwa taratibu na hewa iliyotolewa, vitu ambavyo haviuzwi ndani ya boksi la feni mpya.

Yakishathibitika hayo, fundi anaingia kwenye umeme, na hapa mpangilio wa kazi ndio unaookoa pesa.

Kwanza aondoe waya hasi wa betri, kwa sababu kwenye baadhi ya modeli feni inaweza kuanza hata ufunguo ukiwa umezimwa, na mapanga yake hayajali vidole vya nani vipo karibu. Kisha aizungushe feni kwa mkono. Ikigoma, huenda imebanwa na tope lililokauka, kijiti au kipande cha mzabibu wa mwitu, au beringi ya mota imekwama kwa kutu. Jambo hili dogo lina uzito, kwani mota iliyozuiwa isizunguke huvuta umeme mwingi kupita ule inaouvuta ikiwa kazini. Ndiyo maana fyuzi huungua. Fundi anayebadilisha fyuzi bila kuigusa feni atabadilisha nyingine baada ya muda mfupi.

Waya wa betri ukisharudishwa, fyuzi ipimwe pande zote mbili kwa taa ya kupimia au multimita, kwa kuwa macho hudanganywa na ufa mwembamba. Ikiwa imeungua, iwekwe ya ampea zile zile zilizoandikwa kwenye kifuniko cha boksi lake. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kipande cha waya, au fyuzi kubwa zaidi "ili isisumbue tena" huhamisha kuungua kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye wayaringi iliyo chini ya tangi la petroli. Kuna modeli pia ambazo badala ya fyuzi zina kikata umeme kinachojirudisha chenyewe kikipoa. Kikichoka, feni huzunguka kidogo na kukata, ikazunguka tena na kukata, na fundi aliyekuja wakati inazunguka ataapa kwamba ni nzima.

Baada ya hapo kinafuata kipimo kinachostahili kuitwa mama wa vipimo vyote vya feni. Soketi ya feni ichomolewe, mota iungwe moja kwa moja na betri kwa waya mbili, mmoja ukiwa na fyuzi katikati. Ni kazi ya dakika tano. Feni ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima na hakuna sababu ya mtu kupanda daladala kwenda kuitafuta nyingine mjini. Kosa liko nyuma yake. Ikitulia tuli au ikizunguka kwa kusuasua huku ikinguruma, ndipo feni mpya inunuliwe kwa haki.

Wakati wa kipimo hicho chanya na hasi zifuate rangi za waya kama zilivyo. Mota hizi ni za umeme wa mkondo mnyoofu na sumaku za kudumu, kwa hiyo ukigeuza waya zinazunguka kinyume. Feni nyingi za kwadi hukaa nyuma ya rejeta na kuvuta hewa kutoka mbele kwenda kwenye injini. Feni iliyofungwa kinyume inasikika, inazunguka, inampendeza mwenye mali, lakini inausukuma upepo mbele, na kwadi ikianza kwenda inapigana na upepo wa safari. Kipande cha karatasi kikiwekwa mbele ya rejeta kitasema ukweli: kinatakiwa kunaswa na wavu, kisirushwe.

Ikiwa mota ni nzima, fundi anarudi nyuma hatua kwa hatua. Hapa ndipo multimita isiyotumiwa kwa uangalifu inapowapotosha hata mafundi wazoefu. Anachomoa soketi ya feni, anachomeka ncha za multimita, inaonyesha volti 12. Anahitimisha kwamba umeme unafika, hivyo feni ndiyo mbovu. Lakini multimita inapopima volti haivuti mkondo wa maana. Waya uliobakiwa na unyuzi mmoja wa shaba bado utaonyesha volti 12 kamili, kisha utashindwa kabisa kuilisha feni inayohitaji ampea kadhaa.

Hesabu yake ni ya darasani. Tuseme feni inavuta ampea 6 kwa volti 12; kwa makadirio hiyo ni sawa na ukinzani wa omu 2. Soketi iliyoota kutu ya kijani ikiongeza omu 1 tu, jumla inakuwa omu 3. Mkondo unashuka hadi ampea 4, feni inabakiwa na volti 8, na ile soketi inameza wati 16 zinazogeuka kuwa joto na kuilainisha plastiki yake. Kwenye mazingira yenu, ambako kwadi hupita ufukweni maji yakiwa yametoka na kurushiwa chumvi mpaka uvunguni, omu moja ya kutu si jambo la kustaajabisha. Kwa hiyo umeme upimwe soketi ikiwa imechomekwa na feni ikiwa imeamriwa kufanya kazi, ncha za multimita zikiingizwa kwa nyuma. Tofauti ya volti kati ya chanya ya betri na waya chanya wa feni ikizidi nusu volti, upande ule una tatizo. Vivyo hivyo kwa upande wa hasi, ambao mafundi wengi huusahau ingawa ndio unaofungwa kwa boliti moja kwenye chasisi iliyopakwa rangi na kuoshwa kila jioni. Boliti hiyo ikifunguliwa, ikasuguliwa kwa msasa mpaka chuma king'ae, ikapakwa grisi na kukazwa upya, imekwisha kutibu feni nyingi bila spea hata moja.

Kisha relei. Kisanduku hiki kidogo kinatumia mkondo mdogo wa koili, usiofika hata robo ya ampea, kuruhusu mkondo mkubwa wa feni upite. Nyingi zina namba zilizowekwa kwa mpango wa Wajerumani: 30 ni umeme unaotoka betri, 87 ni unaokwenda kwenye feni, 85 na 86 ni za koili. Fundi akisikia "tik" huridhika kwamba relei ni nzima, kumbe mlio huo unathibitisha koili peke yake. Meno ya ndani yanaweza kuwa yameungua kiasi kwamba yanagusana bila kupitisha kitu. Apime: 30 ina umeme? Relei ikishaita, 87 nayo inao? Kama kwadi ina relei nyingine ya aina ile ile, kuzibadilishana nafasi kunatoa jibu kabla chai haijapoa.

Ikiwa relei haiiti kabisa, macho yageukie anayeiamuru. Kwenye modeli za zamani na nyingi za Kichina zilizo rahisi, ni swichi ya joto iliyofungwa kwenye rejeta. Yenye waya mbili ikichomolewa na waya zake zikaunganishwa pamoja, feni inapaswa kuzunguka mara moja. Yenye waya mmoja, waya huo unaguswa kwenye chasisi. Feni ikiitika, basi msururu wote ni mzima na swichi ndiyo haifungi. Swichi hiyo inaweza kutolewa, kutumbukizwa ncha yake kwenye sufuria ya maji juu ya jiko pamoja na kipimajoto, na multimita ikaonyesha inafunga kwenye nyuzi ngapi. Nyingi hufunga kati ya nyuzi 80 na 100, na joto lake huwa limeandikwa kwenye mwili wake. Ni spea ndogo kuliko feni kwa kila kipimo, na kuibadilisha ni kazi ya spana moja rejeta ikiwa imepoa.

Kwadi mpya zenye sindano za petroli hazina swichi ya namna hiyo. Zina sensa ambayo ukinzani wake hushuka kadiri joto linavyopanda, na kompyuta ya injini ndiyo inayoamua lini feni iingie. Hapo waya zisiunganishwe ovyo kabla ya kusoma mchoro wake. Hata hivyo kuna kipimo chepesi: kompyuta nyingi zikikosa taarifa ya sensa huwasha feni kwa tahadhari, zikichukulia kwamba hali inaweza kuwa mbaya. Sensa ikichomolewa, ufunguo ukawa umewashwa na feni ikaanza, umeme, relei na mota vimejitetea vyote kwa pamoja.

Sasa kuna tiba moja iliyoenea kwenye magereji yenu, nayo inahitaji kuzungumzwa waziwazi: swichi ya mkono. Waya kutoka betri, swichi ya taa ya chumbani iliyofungwa karibu na mpini, waya mwingine mpaka kwenye feni, biashara inaendelea. Kama suluhisho la kurudisha kwadi nyumbani, haina ubaya. Kama suluhisho la msimu mzima ina mabaya matatu. Kwa kawaida haina fyuzi. Inategemea kumbukumbu ya mgeni aliyepanda kwadi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Na ikisahaulika ikiwa imewashwa, feni ya ampea 6 inaimaliza betri ya ampea-saa 12 kwa muda wa saa mbili hivi, mapema zaidi betri ikiwa imechoka. Asubuhi fundi anaitwa tena, safari hii kwa kesi ya betri, na swali linarudi: inataka spea gani?

Betri yenyewe isisahaulike. Iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu volti 12.6, iliyo kwenye volti 12 imebakiwa na kidogo sana. Injini ikiwaka na kuongezwa moto, kichaji kinapaswa kuipandisha hadi volti 14 au karibu na hapo. Vichaji vya mashine hizi ni vidogo, na injini ikiwa inanguruma polepole huzalisha umeme haba. Mkiongeza taa za urembo na spika ya muziki kwenye kwadi inayotambaa nyuma ya msafara, feni inalishwa makombo.

Mambo mawili ya utunzaji yanahusika moja kwa moja. La kwanza ni bomba la maji ya nguvu. Vijana wa kuosha wanapoielekeza ncha yake kwenye rejeta ili tope la masika litoke upesi, wanapinda mapezi membamba ya aluminiamu na kuyaingiza maji ndani ya mota ya feni. Tope lilowekwe, litolewe kwa maji ya kawaida kutoka upande wa injini kwenda mbele. La pili ni maji ya kisima. Maji ya chini ya ardhi kwenye ukanda wa mawe ya matumbawe yana chokaa nyingi, na karibu na bahari yana chumvi pia. Yakichemka ndani ya injini kila siku huacha ukoko kwenye njia za rejeta na kwenye ncha ya sensa, mpaka hata feni inayozunguka vizuri inapoza kidogo. Kulanti, au angalau maji yasiyo na chokaa kama ya betri, huzuia hayo.

Waongozaji wa safari nao wana sehemu yao. Taa ya joto ikiwaka, msafara usimame kivulini na injini izimwe, ila kama feni inazunguka ufunguo ukiwa umewashwa, iachwe iendelee. Kifuniko cha rejeta kisiguswe. Kwenye mfumo uliofungwa kwa mgandamizo wa bar moja, maji hayachemki kwenye nyuzi 100. Hungoja karibu na 120. Kifuniko kikifunguliwa mgandamizo unapotea, na maji yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke papo hapo, usoni mwa aliyekifungua. Muongozaji anayetoa taarifa nzuri humpunguzia fundi nusu ya kazi: je, ilichemsha ikiwa imesimama au ikiwa inakwenda? Inayochemsha ikisimama na kupoa ikikimbia inaelekeza kidole kwenye feni na umeme wake. Inayochemsha hata ikikimbia inaelekeza kwenye maji, themostati au rejeta iliyoziba.

Basi haya ndiyo yanayoombwa kwenu.

Kwanza, kila gereji iwe na multimita na taa ya kupimia vinavyomilikiwa na kampuni, pamoja na mchoro wa wayaringi wa kila modeli iliyopo, uliofunikwa plastiki na kuandikwa rangi za waya kwa Kiswahili. Wengi wenu mna kwadi za aina mbili tatu tu; si kazi ya mwaka.

Pili, upimaji uwe na malipo yake kwenye daftari, yanayotolewa hata kama hakuna spea iliyonunuliwa. Fundi aliyesugua boliti ya chasisi na kuirudisha kwadi barabarani amewaokolea bei ya feni. Kwa utaratibu wa sasa anaondoka na ahsante, wakati mwenzake aliyebadilisha feni isiyo na kosa anaondoka na ujira. Mkiendelea kulipa hivyo, mtaendelea kununua feni.

Tatu, kila kwadi iwe na daftari dogo linamoandikwa kilichopimwa na majibu yake: volti za betri, fyuzi ya ampea ngapi, feni iliingia rejeta ikiwa na joto gani. Kwadi ile ile ikirudi baada ya miezi miwili, fundi hataanza upya, na akiwa ni fundi mwingine hatakuwa kipofu.

Nne, swichi za mkono ziruhusiwe kwa sharti la kuwa na fyuzi na kibandiko chenye tarehe ya mwisho wa kuondolewa.

Tano, zungumzeni kwa pamoja na Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Kituo chake cha Mkokotoni kipo huko huko Kaskazini Unguja, safari fupi kutoka Nungwi. Kampuni moja peke yake haiwezi kuomba mafunzo mafupi ya umeme wa vyombo hivi. Kampuni zote za ukanda mmoja, zenye mafundi wao na kwadi zao mbovu za kufanyia mazoezi, zinaweza.

Masika huanza Machi, na tope lake litaingia kwenye kila soketi iliyoachwa wazi. Februari bado kuna nafasi ya kuzipanga kwadi zote uani, kuziwasha zikiwa zimesimama, na kusubiri feni ya kila moja iingie na ijizime yenyewe. Zitakazoingia ziandikwe kwenye daftari. Zitakazogoma ziwekwe pembeni, fundi apewe asubuhi nzima na multimita, na mtu yeyote asipige simu Kariakoo mpaka fundi huyo alete majibu yaliyoandikwa.